Gia ya pili iliponimwagia madafu

Madafu yalikuwa manane. Idadi naikumbuka kwa sababu siku ile niliyahesabu mara mbili: asubuhi pale Pongwe nikimlipa muuzaji, na kama nusu saa baadaye nikiyaokota mtaroni huku vijana wawili wa bodaboda wakinishauri, kwa upole kabisa, nitafute pikipiki.

Nilikuwa narudi Tanga mjini. Njia hiyo kwa sehemu kubwa ni mteremko, ila ina vimwinuko viwili vitatu vya kumkumbusha mtu umri wake. Kwenye kimojawapo nilinyanyuka kwenye siti nikakanyaga kwa uzito wangu wote, gia ikiwa namba mbili. Pedeli ya kulia ikaenda chini nyepesi, kama kamba ya kisima iliyokatika ndoo. Nami nikaifuata. Yaliyonikuta nilipotua juu ya bomba la fremu wanaume wenzangu watayaelewa bila maelezo. Wengine watosheke kujua kwamba kwa muda sikuweza kusimama wima, na kwamba madafu matano yalifika mtaroni kabla yangu.

Gia ile ilikuwa na tabia ya kuchomoka tangu wiki kadhaa nyuma. Ila ilikuwa haijanidhalilisha hadharani, na nadhani ndiyo maana nilikuwa nikiivumilia.

Tanga ni mji wa baiskeli. Ardhi ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka na zimepewa namba badala ya majina, na mtu anaweza kuishi miaka yake yote hapa akienda kazini, sokoni na msibani kwa magurudumu mawili. Kwa hiyo mwaka 2021 niliponunua baiskeli ya Kiingereza iliyotoka kwenye mzigo wa mitumba ya Ulaya, hakuna aliyeshangaa. Walichoshangaa ni gia zake. Baiskeli za gia walizozizoea zina ngazi ya meno nyuma na mkono wa kuhamisha cheni. Yangu ina jino moja tu nyuma, cheni imetulia kama ya Phoenix ya kawaida, na katikati ya gurudumu kuna habu nene kama kopo la nyanya. Gia zote tatu zimo ndani ya kopo hilo. Kwenye ncha ya ekseli, upande wa kulia, kinatokeza kijinyororo chembamba kama mkufu wa mtoto, kinaungana na waya, na waya unapanda hadi kwenye kidude cha kubadilishia gia usukanini. Juu ya habu pamechongwa jina la Sturmey-Archer, herufi AW, na namba mbili, 68 na 4. Nikadhani ni vipimo.

Baada ya ajali ya madafu niliipeleka kwa kijana mmoja anayeziba pancha karibu na kwetu. Simlaumu sana, nilimkabidhi kitu ambacho hakuwahi kukiona, na badala ya kusema hakijui akakitibu kama anachokijua. Alisema friwili imekufa. Akaizungushazunguka akitafuta pa kuifungulia, asipaone, kwa sababu friwili kwenye habu ya namna hii haipo nje. Kinachoshika unapokanyaga na kuachia unapotulia kimo ndani, pamoja na gia. Basi akabadili dawa. Kwenye mwili wa habu kuna kitundu chenye kifuniko kidogo, akakibandua, akachukua bomba la sindano na kusindika grisi humo mpaka ikakataa kuingia.

Kwa siku tatu nilijiona nimepona. Halafu gia ya kwanza nayo ikaanza vituko. Nakanyaga, miguu inazunguka bure nusu mzunguko, kisha ghafla inashika kwa kishindo kinachofika mpaka kwenye meno. Kijana akanishauri tuing'oe habu yote, tufunge ya kawaida yenye friwili, yaishe. Nilikataa kwa ubishi tu, wala sikuwa na sababu ya kitaalamu. Nikaendelea kuiendesha hivyohivyo kama miezi miwili, gia ikichomoka na kurudi, mimi nikiwa nimejifunza kukanyaga kwa adabu kama mtu anayetembea ndani ya nyumba yenye mgonjwa.

Hiyo miezi miwili naomba msomaji aikumbuke. Nililipishwa baadaye.

Fundi aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Ngamiani, anafanyia kazi chini ya mwarobaini, na mjukuu wake niliwahi kumfundisha hisabati. Enzi za ujana wake alikuwa akizitengeneza baiskeli za manyapara wa mashamba ya mkonge, na baadhi yake zilikuwa na gia tatu kama hii yangu. Nilipomwamkia aliitikia marahaba akiwa anaitazama baiskeli, si mimi.

Nilitegemea achukue spana. Hakuchukua. Alininyanyulisha gurudumu la nyuma, akaniambia nizungushe pedeli taratibu, yeye akainama na kutega sikio.

"Weka moja."

Nikaweka. Habu ikazunguka kimya.

"Mbili."

Tik. Tik. Tik.

"Tatu."

Tik-tik-tik, haraka kidogo kuliko mwanzo. Akatikisa kichwa kama daktari aliyesikia mapafu mazima. Alinieleza baadaye kwamba ndivyo habu hizi zinavyozungumza: gia ya kwanza haina sauti, ya pili inagonga polepole, ya tatu inagonga upesi. Sauti hiyo ni ya kucha, vile vipande vidogo vya chuma vyenye ncha vinavyoinuliwa na springi na kupitapita juu ya meno ya ndani ya habu. Unapoweka gia ya pili ukasikia kimya, au ya kwanza ukasikia tiki, ujue gia uliyoiweka usukanini siyo iliyoko ndani.

"Rudisha mbili," akasema. "Sasa njoo huku uchungulie."

Upande wa kulia, nati inayokaza ekseli ni ndefu kuliko nati ya kawaida na ubavuni ina tundu. Nilikuwa nimeiona mara mia, sikuwahi kujiuliza tundu hilo ni la nini.

"Unaona nini?"

"Tundu, mzee."

"Ndani ya tundu?"

"Kijinyororo. Na kijiti chake."

"Kijiti kimeishia wapi?"

Kijiti, yaani kile kipande kilichonyooka kinachoshikana na mwanzo wa kijinyororo, kilikuwa kimezama ndani ya ekseli. Si sana, milimita mbili hivi.

"Ukiweka gia ya pili," akasema mzee, "ncha ya kijiti iwe sawasawa na ncha ya ekseli. Isizidi, isipungue. Hicho ndicho kipimo. Waingereza wametoboa tundu hilo ili uchungulie, wewe unapita nalo tu."

Alilegeza kinati kidogo kinachofunga maungio ya waya na kijinyororo, akasokota kijibomba chake mizunguko minne, akachungulia, akarudisha nusu mzunguko, akakaza. Kazi ya dakika mbili. Kabla ya hapo alinionyesha jambo ambalo mtu akiliruka anasumbuka bure: kijiti chenyewe kina hesi, kimeparafujwa ndani ya habu. Unatakiwa ukikaze kwa vidole mpaka mwisho, kisha ukirudishe kidogo, pasizidi nusu mzunguko, ili kijinyororo kielekee uliko waya bila kujipinda. Kikiwa kimelegea mizunguko miwili, hata ukirekebisha waya mpaka kesho, kipimo chako ni cha uongo.

Na sababu ya kuanguka kwangu ilikuwa hii. Waya ukilegea kabisa, springi za ndani zinaivuta habu kwenye gia ya tatu. Waya ukikazwa kati, ni ya pili. Ukikazwa sana, ya kwanza. Lakini kati ya pili na tatu pana mahali pasipo na mwenyewe, ambapo klachi ya ndani, kile kipande kinachohama kutoka gia moja kwenda nyingine, imeshaachia kule na haijashika huku. Hapo pedeli inazunguka tupu. Waya wangu ulikuwa umelegea kiasi kwamba namba mbili ya usukanini ilikuwa inaning'inia ukingoni mwa mahali hapo. Kwenye tambarare inashika. Ukisimama juu ya pedeli na madafu manane kwenye keria, inaachia.

Halafu mzee akafungua kile kifuniko kidogo cha habu, akachomeka waya mwembamba ndani na kuutoa umepakaa grisi.

"Nani kakutilia ugali humu?"

Nikanyamaza. Akacheka mwenyewe. Habu hizi, alisema, zinataka oili nyepesi, kijiko cha chai kimoja kisha matone machache kila mwezi. Grisi nzito inazigandisha kucha, zinachelewa kuinuka. Ndicho kile kishindo cha gia ya kwanza. Tukalaza gurudumu ubavu, tukamimina mafuta ya taa kupitia tundu lile, tukalizungusha, tukaliinamisha yachuruzike. Yalitoka ya kijivu, mazito kama uji. Tulirudia mara tatu mpaka yakatoka yanaonekana mafuta ya taa. Kisha oili. Mimi nilikuwa na kichupa cha mafuta ya kupikia nilichokuwa nalainishia cheni, na hapo mzee alinikaripia kweli: mafuta ya mimea yanakauka na kunata, mwisho wake ni gundi. Akatumia oili ya injini iliyo nyepesi, ila mpya, siyo ile nyeusi iliyomwagwa kwenye lori.

Nilimpa elfu tano, nikaenda nyumbani nikiwa msomi.

Wiki mbili baadaye ikachomoka tena.

Safari hii sikwenda kwa mzee. Nilijua kipimo, nikachungulia tunduni: kijiti kimezama. Nikasokota kijibomba, nikakaza, sawa. Siku kumi nyingine, tena. Nikasokota. Nilipoona kijibomba kinakaribia kumaliza hesi zake nikaanza kuamini kwamba waya unarefuka, jambo ambalo waya mpya hufanya kidogo siku za mwanzo, lakini huu haukuwa mpya na hauwezi kurefuka kila wiki kama mtoto.

Ni mke wangu aliyeuona ugonjwa, naye haendeshi hata hiyo baiskeli. Alikuwa anaipangusa vumbi akaniuliza mbona rangi imechunika hapa. Kwenye bomba la fremu kuna kibanio cha chuma kinachoshikilia mwisho wa ganda la waya. Kutoka hapo waya unakwenda mtupu hadi kwenye kipuli, yaani kijigurudumu cha kupitishia waya, na kushuka nyuma. Mbele ya kibanio hicho rangi ya kijani ilikuwa imesuguliwa mpaka ikang'aa, mchirizi wa urefu wa ukucha. Kibanio kilikuwa kinatembea. Kila nikibadili gia kwenda ya kwanza ganda linakisukuma nyuma nywele moja, na kila kikirudi nyuma waya unalegea.

Nilipomweleza mzee alikata kipande cha tyubu ya zamani, akakizungushia kwenye bomba chini ya kibanio, akakaza skrubu juu yake. Mpira umeshika chuma, kibanio hakijatembea tena hadi leo. Kwa tabia ya kazi yangu nilichora alama ya kalamu mbele yake, na bado huwa naikagua, ingawa sijui natafuta nini.

Kuna na kisa cha washa, zile pete bapa za chuma zinazokaa chini ya nati, nacho ni kifupi. Nilipata pancha nikiwa Raskazone, fundi wa hapo akafungua gurudumu, akaziba, akafunga. Kutoka hapo gia zikawa kama zimerogwa: ya pili nzuri kabisa, ya kwanza na ya tatu zinakatakata, na kijinyororo kimejinyonga upande. Kumbe ekseli ya habu hii imechongwa bapa pande mbili, na kuna washa mbili zenye jino, moja kila upande, zinazoingia kwenye nafasi ya fremu ili ekseli isizunguke. Fundi aliona za nini, akaziacha chini. Kwenye gia ya pili nguvu inapita moja kwa moja, ekseli haisumbuki. Kwenye ya kwanza na ya tatu gia za ndani zinajiegemeza kwenye ekseli, na ekseli yangu ilikuwa inazunguka nazo. Nilirudi Raskazone kwa miguu, nikazikuta mchangani palepale. Tangu siku hiyo nikipata pancha gurudumu la nyuma nalifungua mwenyewe, na kama ni fundi, nakaa naye nikiwa nimezishika washa mkononi.

Baada ya hapo nilijigeuza mtaalamu wa mtaa. Mtu akisema gia inateleza, najibu kabla hajamaliza: waya. Na mara nyingi ni waya kweli, hilo nalisema hata leo. Nilikuwa nimeshamwokoa jirani mmoja asibadilishe habu nzima, na sifa zikaniingia kichwani.

Kwa hiyo miezi minane hivi baadaye, gia ya tatu ilipoanza kunichezea, nikashika kijibomba. Ugonjwa huu ulikuwa na sura tofauti na ningepaswa kuliona hilo. Haikuwa inazunguka tupu. Ilikuwa inaruka: nakanyaga kwa nguvu kwenye tambarare ya kuelekea Sahare, nasikia *tak!* ndani ya habu, pedeli inaruka mbele inchi mbili, inashika tena. Nikikanyaga kiungwana, haifanyi. Nikalegeza waya kidogo. Nikaukaza. Nikaulegeza zaidi mpaka gia ya pili ikaharibika, nikaurudisha. Nilicheza na kijibomba kile karibu mwezi mzima, kila siku nikijiambia kesho nitakipata.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, na alinisikiliza vizuri, kisha akasema neno moja.

"Toa waya."

Sikumwelewa. Akakifungua kijibomba kabisa, waya ukatengana na kijinyororo, kijinyororo kikabaki kinaning'inia.

"Sasa ni gia ya ngapi?"

Bila waya, springi peke yake: ya tatu.

"Kaendeshe hivyo mpaka mwisho wa barabara. Kanyaga."

Nilikwenda. *Tak!* Nikarudi nikiwa nimeshajua jibu. Kama inaruka na waya haupo, waya hauna kesi. Mwezi mzima nilikuwa namhoji shahidi asiyekuwepo.

Kipimo hicho cha kutoa waya ndicho ninachowaambia watu kwanza siku hizi. Hakihitaji chombo, hakihitaji pesa, na kinakata shauri papo hapo kati ya nje na ndani.

Tuliifungua Jumamosi, uani kwangu. Mzee aliomba sinia pana, mke wangu akatoa la kuchambulia mchele baada ya kuhakikishiwa kwamba litaoshwa kwa sabuni. Kabla ya yote mzee alichora mstari kwa msumari, nusu kwenye mwili wa habu na nusu kwenye kikombe cha chuma cha upande wa kulia. Kikombe kile kina hesi za njia mbili. Ukikirudisha kwa njia isiyo yake kinakaa kwingine, na gurudumu linaweza kuyumba. Kisha akaweka tindo butu kwenye pengo la kikombe akagonga kwa nyundo kuelekea kushoto. Miaka yote hiyo kila aliyekanyaga alikuwa anakikaza zaidi, kwa hiyo kiligoma. Kilitoka kwa pigo la kumi na kitu, pamoja na neno ambalo sikutegemea mzee wa umri wake alijue.

Vilivyotoka ndani nilivitazama kwa muda mrefu. Katikati, juu ya ekseli yenyewe, gia isiyozunguka. Kandokando yake gia ndogo nne zinazoizunguka. Nje yao pete pana yenye meno kwa ndani. Nilihesabu meno, sikuweza kujizuia: ya katikati 20, ndogo kila moja 20, pete 60. Basi hesabu inakaa yenyewe. 60 ya pete kwa jumla ya 80, yaani 60 na 20 ya katikati, ni robo tatu, ndiyo gia ya kwanza. 80 kwa 60 ni moja na theluthi, ndiyo ya tatu. Zidisha moja kwa nyingine upate 1, ndiyo ya pili. Swali hilo nimeshawapa Kidato cha Pili mara tatu, na habu yenyewe niliipeleka darasani siku moja, lakini hayo mengine.

Kosa lilikuwa kwenye klachi. Ni kipande cha chuma chenye umbo la msalaba, mikono minne, kinachosogezwa na kile kijiti. Kikisogea upande mmoja kinashika pete, kikisogea upande mwingine kinashika vichwa vya pini za zile gia ndogo. Kona za mikono yake zinatakiwa ziwe kali, za mraba. Zangu mbili zilikuwa zimelika, zimeviringana kama kona za sabuni iliyotumika wiki. Kwenye uzito mdogo zinashika. Kwenye uzito mkubwa zinapanda juu ya pini na kuteleza: *tak!*

"Hii haikulika kwa uzee," mzee akasema, akikipitisha kidole gumba. "Hii imegongwa. Umeiendesha gia zinachomoka muda gani?"

Nikamwambia miezi miwili. Hakusema kitu, akakiweka klachi pembeni ya sinia, mbali na wenzake.

Dawa ilitoka kwenye kopo lake la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na mabaki ya habu ya aina hiyohiyo iliyokwisha kufa, na juu ya mwili wake pameandikwa 54 na 11. Hapo ndipo nilipoambiwa namba zile ni za nini. Ni mwaka na mwezi: yangu ilitoka kiwandani Nottingham Aprili 1968, hiyo maiti Novemba 1954. Klachi ya 1954 iliingia kwenye habu ya 1968 bila kupigwa hata tupa. Kampuni ya Sturmey-Archer ilianza Nottingham, Uingereza, mwaka 1902, na mwaka 2000 ikahamia mikononi mwa Wataiwani wanaoendelea kutengeneza habu kwa jina lilelile. Mzee alipolisikia hilo kutoka kwangu alitaka kujua kama na wao bado wanatoboa tundu kwenye nati.

Kurudisha kulichukua muda kuliko kufungua. Springi moja ya kucha, nyembamba kama unywele, ilimponyoka mzee ikaruka mchangani. Tulipiga magoti watu watatu. Mwanangu ndiye aliyekwenda kuchukua sumaku ya spika mbovu, akaiburuta juu ya mchanga ndani ya mfuko wa nailoni, ikatoka na springi, misumari miwili, na vizibo vya soda ambavyo nyumbani kwangu hakuna anayekiri kuvinywa. Koni ya kulia, ile nati inayobana gololi za ekseli, mzee aliikaza kwa vidole mpaka ikagota, akairudisha nusu mzunguko akaifunga, na akaniapisha nisiiguse; gurudumu likilegea na kuchezacheza linarekebishwa kwa koni ya kushoto pekee, maana ukihamisha ya kulia unahamisha mpaka nafasi za gia. Mwisho akaunga waya, akaweka mbili, akanisogeza mimi kwenye tundu.

Ncha ya kijiti ilikuwa sawa na ncha ya ekseli. Nilimwambia. Akasema nichungulie tena, nikachungulia tena.

Hilo lina zaidi ya mwaka sasa. Gia zote zinashika. Oili naweka kila mwanzo wa mwezi, siku ya mshahara ili nisisahau. Wiki iliyopita nilipita Ngamiani nina haraka, nikampungia mzee mkono bila kusimama, na nilikuwa nimeshampita hatua kama ishirini niliposikia anapaza sauti nyuma yangu.

"Mwalimu! Hiyo mbili unaikanyagia nini tambarare? Weka tatu! Haitakuuma!"

Nikaweka tatu.